Huo Moshi Mnaoupenda Kwenye Video

Video za watu kufufua bunduki za kale mimi huzitazama mpaka usiku wa manane. Jamaa wa Ulaya au Marekani ananunua Mauser ya 1871 ikiwa kutu tupu, anaifungua kipande kwa kipande, anapaka mbao mafuta ya kitani, kisha anaenda kuipiga. Inalia, wingu jeupe linafunika uso wake, komenti zinajaa.

Wasee, huo moshi ndio stori yenyewe.

Hii Mauser inabeba risasi moja tu. Unavuta komeo, unaingiza, unafunga, unapiga, unaanza upya. Risasi ni nene, milimita 11, na inasukumwa na baruti nyeusi. Baruti hiyo huacha masizi mengi, ndio maana yule jamaa huosha mtutu kwa maji moto siku hiyo hiyo. Akilala kwanza, kutu imerudi.

Ufaransa ilipata baruti isiyo na moshi mwingi kwenye miaka ya 1880, na Wajerumani nao wakabadilisha bunduki zao. Lakini vita ilipofika huku 1914, kampuni nyingi za askari Waafrika waliopigania Wajerumani upande wa Tanganyika bado zilishika ile ya 1871. Bunduki ya miaka zaidi ya 40! Sasa jiweke pale. Umejificha vizuri kichakani, unapiga mara moja, na wingu linasimama juu ya kichwa chako. Adui hana haja ya kukuona wewe. Anapiga palipo na moshi, na bado hujaingiza risasi ya pili.

Novemba 1914 Waingereza walishindwa vibaya Tanga, wakakimbilia meli na kuacha mamia ya bunduki za kisasa. Askari wakaziokota. Kwa hivyo silaha nzuri aliipata kwa adui, si kwa aliyemwajiri. Hiyo huniudhi hadi leo.

Ndio maana sipendi wanaopiga kitako msasa mpaka king'ae. Si kila Mauser ya 1871 ilifika Afrika, lakini kwa zilizofika, kamanda Lettow-Vorbeck aliandika kitabu chake, na askari wengi hawakuandika kitu. Ule mkwaruzo kwenye mbao huenda ndio wao walituachia. Toa kutu, paka mafuta, piga ukitaka. Msasa weka mbali.