Mwalimu na kishikwambi: Mang'ola

Mang'ola ni eneo la bonde la Ziwa Eyasi, wilayani Karatu, mkoani Arusha, chini ya nyanda za juu za Ngorongoro. Wafanyabiashara wanalijua kwa vitunguu vinavyomwagiliwa kwa maji ya chemchemi. Wanaisimu wanalijua kwa lugha zake. Hapa wanaishi Wairaqw, wasemaji wa lugha ya Kikushi, Wadatoga wa Kiniloti, Waisanzu na Wabantu wengine, pamoja na Wahadzabe, ambao lugha yao yenye vidoko haijapatiwa ndugu wa hakika. Darasa la kwanza katika eneo kama hili huweza kukusanya watoto ambao Kiswahili, lugha ya kitabu na ya programu, ni lugha yao ya pili. Ndiyo maana Mang'ola inafaa kupimia dai linalorudiwa sana, kwamba teknolojia ikimweka mwanafunzi katikati, mwalimu anabaki msimamizi tu. Makala hii inashikilia kinyume chake: kazi ya mwalimu haipungui, inahamia mahali pagumu zaidi.

Ujifunzaji unaomlenga mwanafunzi uliingia katika mitaala ya sekondari ya Tanzania mwaka 2005, kwa jina la ujenzi wa umahiri, na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imeusisitiza tena. Vifaa vilifika kwa njia isiyotarajiwa: vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa walimu. Yafaa kuzingatia vilikabidhiwa nani. Mara nyingi kinachozungumzwa ni mtoto mwenye kifaa chake, ilhali hali halisi ni kifaa kimoja mkononi mwa mwalimu na darasa zima mbele yake. Katika hali hiyo, asipobadilika mwalimu hakibadiliki kitu: notisi zilizokuwa ubaoni zitasomwa kutoka kwenye kioo.

Badiliko lenyewe linaonekana vizuri katika somo la lumbesa. Gunia la vitunguu likishajaa huongezwa kilemba juu na kushonewa kamba, na mkulima hulipwa gunia moja: hiyo ndiyo lumbesa. Mwalimu wa hisabati anaweza kuliuliza kila kundi swali hili: anayeuza magunia kumi ya lumbesa ametoa bure kilo ngapi? Wanafunzi wanapima, wanaandika, wanabishana. Kishikwambi kinajumlisha na kuchora grafu haraka kuliko mtu yeyote darasani. Lakini hakitambui kwamba kundi moja limesahau kutoa uzito wa gunia tupu. Hakijui kwamba msichana aliye kimya amekwama kwenye neno “wastani”, si kwenye hesabu, wala hakisikii wawili wanaonong'ona kwa Kiiraqw na kuamua kama wanacheza au wanafafanuliana. Kuchagua swali, kusikia kosa lilipoanzia, kuamua lini anyamaze na lini aingilie: hiyo ndiyo kazi iliyobaki, na haifanywi kwa kunakili ubaoni.

Pingamizi zito zaidi limetoka Tanzania yenyewe. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi katika vijiji karibu 170 vya mkoa wa Tanga, kwa watoto wapatao 3,000, ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kwenda shule. Walijifunza kusoma Kiswahili na kuhesabu kwa programu, bila mwalimu, kwa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja; mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu, na Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na ya onebillion, zikagawana zawadi ya dola milioni 10. Hayo ni mafanikio, na hayafai kubezwa. Hata hivyo nusu ile nyingine haikutoka hapo ilipokuwa, na waliofanikiwa walivuka hatua ya kwanza ya kusoma, si ya kuhoji walichokisoma. Tena Tanga ni pwani, nyumbani kwa Kiswahili. Mtoto wa Kihadzabe anayekutana na sauti ya programu kwa mara ya kwanza anahitaji mtu wa kumvusha mpaka kwenye lugha hiyo.

Ushahidi wa upande wa pili unatoka kwenye utafiti wa KiuFunza, uliofanyika 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 za wilaya 10 nchini. Shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikupandisha matokeo ya wanafunzi. Bonasi kwa walimu peke yake ilionyesha dalili fulani za kusaidia. Vilipounganishwa, matokeo yalipanda bayana. Ruzuku si kishikwambi, lakini mantiki haitofautiani: nyenzo huzaa pale ambapo mwalimu ana sababu na nafasi ya kuzitumia.

Wengine husema mbinu hii ya kumlenga mwanafunzi ni ya kigeni na haifai darasa la watoto wengi. Ugeni wake una shaka. Watoto wa Kihadzabe hujifunza mengi katika makundi ya rika mchanganyiko, wakichimba mizizi na kukusanya matunda ya mbuyu, na mafunzo ya moja kwa moja ya wakubwa ni machache. Kama kuna kitu kigeni kwao, ni kukaa kimya kwenye dawati. Hoja ya wingi wa wanafunzi ni ya kweli zaidi, na mtihani wa taifa unaotuza kumbukumbu huizidisha. Mwalimu anayetumia vipindi vitatu kwenye lumbesa anachelewesha mada nyingine, na mzazi ana haki ya kumuuliza. Kumtaka mwalimu huyo awe mwongozaji, mtambuzi wa makosa na mfasiri wa lugha nne bila kumpunguzia vipindi ni kumbebesha mzigo kwa jina zuri. Mpango wa MEWAKA, wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, umegusa sehemu ya tatizo kwa kuwakutanisha walimu wa shule moja wajadili masomo yao. Huko ndiko kishikwambi kinakofaa kwanza: somo la mwalimu lililorekodiwa linatazamwa na wenzake, likasimamishwa pale mwanafunzi alipojibu visivyo, wakaulizana swali lilikuwa na kasoro gani.