Hariri na sufu: Nyuzi zinazooza, na kwa nini Meru na Embu bado hazijafaidi

NYUZI za protini ni nyuzi za nguo zinazotokana na mwili wa mnyama au mdudu. Mbili ndizo mashuhuri: sufu, yaani manyoya ya kondoo, na hariri, ambayo kiwavi huitema anapojijengea kifuko.

Katika eneo la Meru na Embu zote mbili zina makao, ingawa hazikutani. Kondoo wa sufu wamo katika baridi ya Timau. Mforosadi, mti anaoula kiwavi wa hariri, hustawi kwenye miteremko ya Embu. Na ng'ambo ya mto Tana, mkabala na nyanda kame za Mbeere na Tharaka, hariri ya mwituni huning'inia kwenye migunga.

Sifa inayozipa nyuzi hizi thamani mpya ni kwamba huoza. Protini ni mnyororo wa asidi za amino, na bakteria na kuvu wa udongoni wana vimeng'enya vya kuukata mnyororo huo na kuula. Poliesta, inayotokana na mafuta ya petroli, haina mlaji wa namna hiyo. Shati lililotupwa leo litawakuta wajukuu. Sufu hukawia kidogo kuliko protini nyingine kwa sababu keratini yake imefungwa kwa viungo vya salfa, lakini ikizikwa kwenye udongo wenye unyevu huisha kwa muda wa miezi.

Hata hivyo, kuoza si jambo la kila mahali. Kusini mwa Afrika, wakati wa kiangazi kikali, ng'ombe wamekuwa wakila vifuko vya nondo aitwaye Gonometa pamoja na majani ya migunga. Hariri hiyo haisagiki tumboni. Hujikusanya, huziba njia ya chakula na kuua mnyama. Kinacholiwa na udongo kinaweza kumshinda ng'ombe.

Nondo huyo huyo, Gonometa postica, ndiye aliyefanyiwa kazi na watafiti wa kituo cha wadudu cha icipe, Nairobi, katika misitu ya Imba na Mumoni, iliyokuwa wilaya ya Mwingi na sasa kaunti ya Kitui. Wanavijiji walifunzwa kusubiri nondo atoke ndipo waokote kifuko kitupu, ili kizazi kisikatike. Kifuko kilichotobolewa hakifumuliki kuwa uzi mmoja mrefu. Huchemshwa kuondoa gundi, kisha husokotwa kama pamba. Vinyweleo vyake huwasha, na mwokotaji asiye na glavu hulijua hilo mapema. Milima ya Mumoni inatazamana na Tharaka na Mbeere, na migunga haijui mpaka wa kaunti.

Hariri ya kufugwa ni habari nyingine. Kiwavi wa Bombyx mori hula majani ya mforosadi kwa takriban wiki nne, kisha husokota kifuko chenye uzi wa karibu mita 1,000. Kituo cha taifa cha utafiti wa hariri kiko Thika, si mbali na Embu. Wala mforosadi si mgeni kwa wakulima wa Embu: katika miaka ya 1990 watafiti wa KARI, KEFRI na ICRAF waliujaribu huko pamoja na kaliandra, lakini kwa ajili ya kulisha ng'ombe wa maziwa.

Hapo ndipo penye fundo. Jani lile lile linagombaniwa na ng'ombe na kiwavi. Maziwa huuzwa kila asubuhi. Kifuko humsubiri mnunuzi. Zaidi ya hayo, kiwavi hufa kwa mabaki ya dawa ya kunyunyizia, hivyo mforosadi uliopakana na shamba linalopigwa dawa mara kwa mara ni hasara iliyojificha. Kwa maoni yangu, kuhimiza wakulima wapande miti kabla ya kuwahakikishia mashine ya kufumua uzi na soko ni kuanzia mwisho.

Sufu nayo haikosi malighafi bali msokotaji. Nanyuki, jirani ya Timau, lina kundi la akina mama wanaosokota na kufuma kwa mkono tangu 1977. Lakini blanketi nyingi madukani ni za akriliki, jamaa wa poliesta, na bei yake ndiyo inayoamua.

Wapo waliotaka kuwakwepa kondoo na kiwavi. Nchini Italia, miaka ya 1930, Antonio Ferretti alitoa uzi katika protini ya maziwa, ukaitwa Lanital. Huko Uskoti, kampuni ya ICI ilifungua kiwanda mjini Dumfries mwaka 1951 kutengeneza Ardil kwa makapi ya njugu zilizokamuliwa mafuta (mwaka ule ule mradi mkubwa wa njugu wa Kongwa, Tanganyika, ulipotupwa). Uzi huo ulilegea ukilowa, na kiwanda kilifungwa 1957.

Mnunuzi naye asome lebo. Sufu iliyochanganywa na poliesta huoza nusu, na nusu nyingine hubaki vumbi la plastiki. Vipande vya sufu halisi visivyotiwa kemikali, kwa upande mwingine, vina nitrojeni ya karibu asilimia 16, na mkulima anaweza kuvifukia shambani vikawa mbolea ya polepole.