Mhunzi Asiye na Jina: Gobore katika Historia ya Ufundi wa Bunduki Kasulu na Kibondo

Historia ya mafundi bunduki imeandikwa zaidi pale ambapo fundi aliacha hati. Daniel Lefever, mtengenezaji wa bunduki za marisau wa Syracuse, Marekani, anafahamika kwa kuwa alisajili uvumbuzi wake na, katika miaka ya 1880, kampuni ikabeba jina lake. Mhunzi wa Kasulu au Kibondo aliyeunda gobore hakuacha jina popote. Insha hii inajenga hoja kwamba ukimya huo haukutokana na uduni wa ufundi, bali na nafasi ya kazi yake mbele ya sheria.

Uhunzi wa Buha uliitangulia bunduki. Kabla ya ukoloni, Waha waliyeyusha chuma na kufua majembe na mikuki. Katika karne ya 19 bunduki ziliingia kupitia Ujiji, kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mwanya kwa gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida. Hivyo silaha iliyoruhusiwa kumfikia Mwafrika ilikuwa ile ambayo mhunzi angeweza kuitengeneza inapoharibika, na hatimaye kuiiga.

Gobore hushindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Kwa kuwa huundwa moja moja kwa mkono, urefu wa mtutu, umbo la kitako na namna ya kuunga vyuma hutofautiana. Tofauti hizo ndizo saini ya fundi. Saini nyingine ingemponza: sheria za silaha, ikiwemo ya mwaka 2015, zinakataza kuunda silaha bila kibali, na jina kwenye chuma lingekuwa ushahidi dhidi yake.

Gobore limelinda mashamba dhidi ya wanyama waharibifu. Limetumika pia katika ujangili na uhalifu. Kwa hiyo kuyateketeza yanayosalimishwa ni haki. Hata hivyo, kila linaloteketezwa huondoka na ukurasa wa historia usio na nakala. Inapendekezwa kwamba kabla ya kuteketezwa yapimwe, yapigwe picha na wilaya yalikotoka iandikwe, bila kumtaja aliyeyasalimisha. Jina la mhunzi huenda lisipatikane tena; mkono wake bado unaweza kusomwa.