Uradhi Kazini, si Utoshelevu

Hojaji ya utafiti, iliyoandikwa kwa Kiswahili cha wasomi, inauliza: "Teknolojia ya kidijitali imeathiri vipi utoshelevu wako wa kazi?" Namhurumia mwalimu wa shule ya msingi atakayeijibu. Tangu vishikwambi vya Sensa ya 2022 ya Tanzania vigawiwe kwa walimu, kazi anazo za kutosha: takwimu za wanafunzi humo, majukumu ya kujaza kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, na saa nne usiku kundi la WhatsApp la shule linadai picha za daftari la mahudhurio. Akijibu kwamba utoshelevu umeongezeka atakuwa amesema kweli kabisa, na mtafiti ataandika kuwa mwalimu ana raha.

Utoshelevu ni wa ghalani. Tunasema utoshelevu wa chakula, yaani magunia yatafika msimu ujao. Walioupachika kwenye kazi, katika vikao ambavyo baadhi yetu hatualikwi, walishika maana ya kwanza ya "satisfaction" waliyoikuta kwenye kamusi ya Kiingereza wakaenda kunywa chai. Wapinzani wao wakaleta "ridhaa ya kazi". Ridhaa huombwa kabla ya upasuaji, ikatiwa saini. Wengi wanapenda "kuridhika kazini", lakini msikilize mkuu wa idara akisema "yule ameridhika": analalamika kwamba mtu amebweteka.

Neno ni uradhi. Mzizi wake ni wa Kiarabu, uleule uliotupa ridhia, maridhiano na kumradhi, hata majina Ridhiwani na Murtadha. Kwa Waswahili mzizi huu una makazi baina ya watu wawili. Mzazi humpa mwanawe radhi, na akikosewa huiondoa. Anayesema "niwie radhi" anajua kwamba anachokiomba kimo mikononi mwa aliyekosewa. Kwa hiyo mwalimu anaweza kukipenda kishikwambi, kioo chake na wepesi wake, na asiwe radhi na anayemtumia agizo usiku. Istilahi tatu za wenzetu hazioni tofauti hiyo. Wafaransa wameiona: sheria yao iliyoanza kutumika Januari 2017 inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane nao kuhusu haki ya kutopatikana baada ya saa za kazi. Hayo ni mazungumzo ya radhi tupu.

Nimewahi kujibiwa, kwa barua yenye mhuri, kwamba uradhi ni "neno la kale lisilokidhi mahitaji ya sayansi". Kompyuta imeingia ofisini ikalikuta "mshahara" limezeeka pale, na hakuna kamati iliyopendekeza lifutwe.

Matumizi hayana ugumu: uradhi kazini, kiwango cha uradhi, uradhi umeshuka. Ngeli ni ya U, wingi hakuna. Wahariri wa tasnifu na hojaji, anzeni nalo, msisubiri kikao.