Kituo kilichokatiwa simu

Mwanzoni mwa mwaka 1967, jijini San Francisco, mwanamume mmoja pande la mtu, mwenye ndevu, alikaa na kitabu cha simu akivipigia vituo vya redio vya FM, kimoja baada ya kingine. Hakuwa akiomba kibao wala kutuma salamu. Alikuwa akitafuta kituo kilichokwama. Alipoipigia KMPX, iliyokuwa kwenye 106.9, akakuta simu imekatwa. Bili haijalipwa. Tom Donahue akaona hapo ndipo pa kubisha hodi.

Kisa hicho amekisimulia mara nyingi Raechel, mkewe na mtangazaji mwenzake. Anasema walikuwa wakisikiliza albamu ya kwanza ya The Doors, wakajiuliza kwa nini muziki uliojaa kwenye nyumba za vijana wa mji mzima hausikiki redioni. Hesabu ya Donahue ilikuwa rahisi: mwenye kituo asiyeweza kulipia simu hana jeuri ya kumfukuza mtu anayekuja na wazo, hata kama ni wazo la kichaa.

Naye hakuwa mwanafunzi wa kazi. Alizaliwa mwaka 1928 huko South Bend, Indiana, jina lake Thomas Coman. Alipata umaarufu Philadelphia, akahamia San Francisco mwaka 1961 na kuwa nyota wa kituo cha KYA, akijiita Big Daddy na kuwatambia wasikilizaji kwamba amekuja kuwasafisha nyuso na kuwavuruga akili. Pamoja na mtangazaji mwenzake Bobby Mitchell alianzisha lebo ya Autumn Records, wakamwajiri kijana mmoja wa studio aitwaye Sylvester Stewart, ambaye dunia ingemjua baadaye kama Sly Stone. Donahue na Mitchell ndio walioandaa onyesho la Beatles katika uwanja wa Candlestick Park, tarehe 29 Agosti 1966, na likawa onyesho la mwisho la kiingilio ambalo Beatles walipata kulifanya.

Kwa hiyo mtu huyu aliijua redio ya kibiashara nje na ndani, na alikuwa ameichoka. Vituo vikubwa vya AM vilikuwa na orodha ya vibao 30 au 40 vilivyozungushwa mchana kutwa, kila kimoja dakika tatu au pungufu, na katikati yake mtangazaji anaongea mbio kama dalali wa mnada. Novemba 1967 Donahue aliandika katika jarida la Rolling Stone, lililokuwa ndio kwanza limeanza kuchapishwa, kwamba redio ya AM imekufa na mzoga wake unanukisha anga. Lugha chafu kidogo, lakini hakuna aliyeisoma akaisahau.

FM yenyewe wakati huo ilikuwa kama chumba cha uani. Wenye redio za kuinasa walikuwa wachache, na vituo vingi viliishi kwa muziki wa klasiki au kwa kurudia tu yale yanayorushwa na ndugu zao wa AM. Serikali ya Marekani ikaingilia: kwenye miji mikubwa, kituo cha FM kilichomilikiwa pamoja na cha AM kilikatazwa kurudia matangazo yale yale kwa zaidi ya nusu ya muda wake. Amri hiyo ilianza kuuma mwaka 1967, na ghafla nchi nzima ikawa na masaa matupu hewani yasiyo na mwenyewe. KMPX haikuwa na ndugu wa AM. Yenyewe ilijikimu kwa kukodisha vipindi, kimoja kwa Wareno, kingine kwa jamii nyingine ya wahamiaji, kila mmoja na saa yake.

Haki lazima itendeke hapa. Donahue hakuwa wa kwanza kupiga muziki wa namna hii pale KMPX. Tangu Februari 1967 mtangazaji Larry Miller alikuwa na zamu ya usiku wa manane mpaka alfajiri, akichanganya rock na muziki wa folk kwa ajili ya walinzi, wanafunzi na waliokosa usingizi. Donahue alianza tarehe 7 Aprili, saa 2 usiku hadi saa 6. Kadiri mikataba ya vipindi vya kukodisha ilivyokwisha, masaa yake yaliongezeka, na kufikia Agosti kituo kizima kilikuwa kinapiga muziki huo usiku na mchana.

Kazi yenyewe ilikuwaje? Ilikuwa kazi ya mikono. Meza mbili za santuri, na ukutani albamu ambazo nyingine watangazaji walizibeba kutoka nyumbani. Wimbo wa kwanza ukiwa hewani, mtangazaji anaitega sahani ya pili: anashusha sindano, anautafuta mwanzo wa wimbo kwa kuizungusha sahani taratibu mbele na nyuma, kisha anaibana kwa ncha ya kidole huku meza inazunguka chini yake. Wimbo wa kwanza unapofifia, anaachia kidole. Akikosea kwa nusu sekunde, mji mzima umesikia. Akipatia, blues ya Chicago inaingia kwenye sitar ya Ravi Shankar, sitar inaingia kwenye gitaa la mtu wa mtaa wa jirani, na dakika 20 zinapita kabla hajafungua kinywa. Akifungua, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliyekaa nawe kibarazani.

Hakuna ofisi iliyompangia. Hilo ndilo lililokuwa geni, na wanamuziki waliliona upesi. John Fogerty wa Creedence Clearwater Revival amesema waziwazi kwamba waliurekodi wimbo wao "Suzie Q" kwa urefu wa dakika 8 na nusu makusudi, ili upigwe na KMPX. Kituo cha AM kisingeugusa. Uliposhamiri, kampuni ikaukata vipande viwili na kuuweka kwenye pande mbili za santuri ndogo, ukafika namba 11 kwenye chati za Marekani.

Jambo jingine ambalo husahauliwa ni kwamba Donahue aliajiri wanawake kuwa mafundi mitambo, wakati ambapo vyumba vya mitambo vilikuwa vya wanaume watupu. Mmoja wao, Dusty Street, aliingia akiwa fundi, akaishia kuwa mtangazaji mwenye jina lake, sauti nzito iliyoendelea kusikika redioni kwa zaidi ya miaka 50.

Nisiwapambe sana. Bangi studioni haikuwa siri, na uhuru wa namna ile ulizaa pia takataka: ngoma zilizopigwa na mtu mmoja mpaka msikilizaji akazima redio, kimya cha ghafla kwa sababu mwenye zamu amepitiwa. Lakini kelele za AM zilikuwa takataka vilevile, tena zilizopangwa kwa saa.

Kituo kilipoanza kuingiza fedha, mwenyewe, Leon Crosby, akaanza kukikumbuka. Mizozo ya malipo na ya nani hasa mwenye kauli ilifura mpaka saa 9 usiku wa tarehe 18 Machi 1968, wafanyakazi walipoziacha meza na kutoka nje kugoma. Chama chao walikipa kwa utani jina refu kama treni ya mizigo. Wanamuziki wa mji wakawaunga mkono, na wenzao wa kituo cha KPPC cha Pasadena, ambacho nacho kilikuwa cha Crosby na chini ya maelekezo ya Donahue, wakagoma pia. Crosby aliweka watu wengine studioni. Kiini cha wagomaji hakikurudi. Mwezi Mei wakapokewa na kampuni kubwa ya Metromedia, iliyokuwa na kituo cha muziki wa klasiki mjini humo kwenye 94.9. Mabingwa wa Beethoven wakafungashiwa virago, na kituo kikapewa jina la KSAN.

Hapo ndipo walipotengeneza historia yao kubwa. Tarehe 6 Desemba 1969, onyesho la bure la Rolling Stones huko Altamont liliishia kwa vifo vya watu 4, mmoja wao kijana wa miaka 18, Meredith Hunter, aliyechomwa kisu mbele ya jukwaa. Kesho yake Stefan Ponek wa KSAN alifungua simu kwa wasikilizaji na kuacha kila upande useme. Alipiga hata Sonny Barger wa genge la pikipiki la Hells Angels, ambalo watu wake walikuwa wakilinda jukwaa. Sehemu ya mazungumzo hayo imo kwenye filamu ya Gimme Shelter.

Taarifa ya habari ilikuwa mikononi mwa Wes Nisker, aliyejulikana kama Scoop. Hakuisoma, aliishona kwa sauti za mitaani, vipande vya muziki na hotuba za wanasiasa, kisha akamalizia kwa kuwaambia wasikilizaji kwamba kama habari hizi haziwapendezi, watoke wakatengeneze za kwao.

Kisa kinachomgusa zaidi msomaji wa huku kwetu ni cha Oktoba 1973. The Wailers, bendi ya reggae ya Bob Marley, walikuwa wamechukuliwa kumfungulia onyesho Sly Stone katika ziara yake, wakaondolewa baada ya maonyesho machache tu na kuachwa Las Vegas. Bunny Wailer alikuwa tayari amejitoa kwenye safari za Marekani na nafasi yake ameishika Joe Higgs. Wakafika San Francisco. Tarehe 31 Oktoba, katika studio ya Record Plant mjini Sausalito, Marley na Peter Tosh walipiga muziki kwa ajili ya kipindi cha KSAN. Kwa hiyo kijana wa Autumn Records wa zamani ndiye aliyewafukuza, na redio ya bosi wake wa zamani ndiyo iliyowapa kipaza sauti. Ukiisikiliza leo albamu ya Talkin' Blues ya mwaka 1991, unausikia usiku huo.

Donahue, aliyekuwa meneja mkuu wa KSAN tangu 1972, alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 28 Aprili 1975, akiwa na miaka 46. Kituo kiliendelea. Januari 1978 kilirusha moja kwa moja onyesho la Sex Pistols ukumbini Winterland, ambalo bendi hiyo ilivunjika mara baada yake. Hata hivyo mchezo ulikuwa umebadilika. Washauri kama Lee Abrams walikwishawafundisha wenye vituo vya FM kuchunguza msikilizaji ananunua nini na ni wimbo upi unaomfanya ahame kituo, kisha kupanga orodha. Kituo cha jirani, KMEL, kilianza mwaka 1977 kwa mtindo huo na kikawazoa wasikilizaji. Novemba 1980 Metromedia ikaibadili KSAN kuwa kituo cha muziki wa country.

Wengi husema makampuni yaliua redio ile. Mimi naona makampuni ndiyo yaliyoilea kwa miaka 12, kwa kuwa hayakuwa yamejua thamani ya FM. Watangazaji wale hawakupewa uhuru na mtu. Waliuokota pale ambapo hakuna aliyedhani pana fedha. Fedha ilipoonekana, mwenye mali akadai mlango wake. Hivi karibuni rafiki yangu mtangazaji jijini Dar es Salaam alinikaribisha studioni wakati wa zamu yake. Nyimbo zote zilikuwa zimeshapangwa kwenye skrini tangu asubuhi, na mtu ambaye hayupo. Rafiki yangu alifungua kipaza sauti, akataja jina la mdhamini, akafunga. "Hapa nachagua chai tu," akaniambia, "ya rangi au ya maziwa."

Wale wa San Francisco walitawanyika. Terry McGovern, aliyepita KSAN, ndiye aliyebwabwaja neno Wookiee alipokuwa akiigiza sauti kwenye filamu ya THX 1138 ya George Lucas, na Lucas akaliweka akiba hadi Star Wars. Baadaye McGovern akawa sauti ya rubani Launchpad katika katuni za DuckTales. Ben Fong-Torres, aliyekuwa na zamu ya wikendi huku akihariri Rolling Stone, ni miongoni mwa wahusika wa filamu ya Almost Famous. Bonnie Simmons, aliyewahi kusimamia vipindi vya KSAN, hakuuacha muziki wa mji ule. Dusty Street alihamia KROQ ya Los Angeles, kisha redio ya setilaiti. Scoop Nisker akawa mwalimu wa kutafakari kwa njia ya Kibudha na mwandishi wa vitabu. Wote wawili, Street na Nisker, walifariki mwaka 2023. Donahue aliingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1996, miaka 21 baada ya kuzikwa.

Ukiwa San Francisco leo, fungua 106.9: utasikia habari na foleni za magari. Kwenye 94.9 kuna muziki wa pop. Herufi za KSAN zimehamia 107.7, kituo cha rock ya zamani, na nyimbo zinazopigwa humo nyingi ni zile zile ambazo Donahue alitafutia redio kwa kitabu cha simu.