Chai kwa Pipi: Sukari Ilipoadimika Kagera

Bibi yangu wa Muleba ana sheria tatu za kunywa chai kwa pipi: usiitumbukize kwenye kikombe, usiitafune, na subiri chai ipoe kidogo. Wajukuu tulikuwa tunacheka. Sukari ipo, pipi ya nini tena? Nilipofika chuo ndipo nikagundua kuwa zile sheria zina historia ndani yake, na kemia pia.

Tuanze na historia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, na Novemba 1 Amin akatangaza kuwa eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera ni la Uganda. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Kiwanda cha sukari cha Kagera kilikuwa upande huo uliotekwa, kikaporwa.

Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, lakini amani haikurudi na sukari. Vita vilikuwa vimekausha fedha za kigeni, na bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda. Sukari ikawa ya mgawo: jina liwe kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi, upange foleni, na bado unaweza kurudi na mfuko mtupu. Mwaka 1983 serikali ikaanzisha msako wa wahujumu uchumi, na sukari ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosakwa mafichoni.

Kwa akina bibi, kilichopatikana kirahisi kidogo ni pipi. Ikipatikana moja, inavunjwa kwa jiwe, watoto watatu wanagawana. Hapo ndipo sheria zilipozaliwa.

Sheria ya kwanza: usiitumbukize. Pipi ya gramu 4 ikiyeyuka kwenye kikombe cha mililita 250, sukari inakuwa chini ya asilimia 2, utamu wa kubahatisha. Ulimi haupimi sukari yote uliyokunywa, unapima jinsi ilivyokolea pale inapougusa. Pipi ikiwa mdomoni, utando mwembamba wa mate unaoizunguka unakuwa mzito kama shira. Sukari ni ileile, ila imekaa mahali ulimi unapoihitaji.

Sheria ya pili: usitafune. Pipi huyeyuka kuanzia juu, pale inapokutana na majimaji. Chukua kipande cha mchemraba chenye upande wa sentimita 1: eneo lake la nje ni sentimita za mraba 6. Kigawe kwenye vipande 8 vidogo vinavyolingana, eneo linakuwa 12. Utamu uliotakiwa kukufikisha mwisho wa kikombe unaisha kwenye mafunda mawili.

Sheria ya tatu: chai ipoe. Kwenye joto la nyuzi 20, gramu 100 za maji zinaweza kuyeyusha takriban gramu 200 za sukari. Maji yanayochemka yanayeyusha zaidi ya mara mbili ya hapo, tena kwa haraka zaidi. Funda la chai ya moto linaimaliza pipi kabla hujafaidi.

Lakini siyo kila kimiminika kina tabia ya maji. Molekuli ya sukari ina sehemu nane ambazo maji huzishika vizuri na kuibandua kutoka kwa wenzake. Maziwa yanaiyeyusha pipi kwa sababu sehemu kubwa ya maziwa ni maji. Rubisi pia, maana ni maji ya ndizi ambayo sehemu ya sukari yake imeliwa na hamira ikageuka kilevi. Mafuta ya kula hayana cha kuishika sukari, kwa hiyo pipi itakaa humo kutwa nzima.

Na kilevi kitupu? Kikiwa baridi, gramu 100 haziyeyushi hata gramu 1 ya sukari. Mwaka 1747 mkemia Andreas Marggraf wa Berlin alitumia tabia hiyohiyo. Alichemsha viazisukari kwenye pombe kali, sukari ikatoka, kisha akaacha ipoe. Pombe ikashindwa kuibeba, chembe nyeupe zikabaki chini. Alithibitisha kuwa ni sukari ileile ya miwa, na mwaka 1801 mwanafunzi wake, Achard, akafungua kiwanda.

Mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika tena nchini na bei ikapaa. Nilimpigia bibi simu kumuuliza wanakunywaje chai. Akacheka, akasema pipi bado zipo dukani.

Hebu jaribu mwenyewe: pipi tatu zinazofanana, bilauri ya maji ya moto, ya maji baridi na ya mafuta ya kula. Usikoroge. Hesabu dakika. Ya nne weka mdomoni, na usitafune.