Mwaka 1974 na Wahandisi wa Umeme: Musoma, Mlimani na Mashine Zilizozuiwa

Kigera, mojawapo ya kata za Manispaa ya Musoma katika mwambao wa mashariki wa Ziwa Victoria, iko karibu zaidi na Nairobi kuliko Dar es Salaam, na jambo hilo, ambalo kwa mtazamaji wa ramani ni dogo, lilikuwa na uzito mkubwa kwa kijana wa mkoa wa Mara aliyetamani kuwa mhandisi wa umeme katika miaka ya 1960, kwa kuwa nchi yake haikuwa na chuo hata kimoja kilichotoa shahada hiyo. Uhandisi wa umeme ni taaluma yenye pande mbili: upande mmoja unahusu kuzalisha nguvu ya umeme, kuisafirisha na kuitumia kuendesha mitambo, na upande wa pili unahusu mikondo midogo inayobeba taarifa, kama ile ya simu, redio na rada. Uhandisi wa kompyuta, yaani usanifu wa mashine zinazochakata taarifa pamoja na programu zinazoziongoza, ulikulia ndani ya upande huu wa pili. Chuo cha ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, kilianzisha nafasi ya uprofesa wa uhandisi wa umeme mwaka 1882, na mwaka huohuo chuo cha MIT cha Marekani kilianza kufundisha somo hilo chini ya idara ya fizikia. Ilipofika mwaka 1975 idara ya umeme ya MIT ilikuwa imeongeza sayansi ya kompyuta katika jina lake. Kompyuta, kwa maneno mengine, iliingia vyuoni kwa kupitia mlango wa umeme, na katika Tanzania mlango huo ulifunguliwa na kufungwa kwa namna ambayo haieleweki bila kurejea maamuzi mawili ya mwaka 1974, mmoja ukiwa umepitishwa Musoma kwenyewe.

Umeme wenyewe ulitangulia sana masomo yake. Wajerumani waliuwasha Dar es Salaam mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli, na chini ya utawala wa Waingereza, mwaka 1931, ziliundwa kampuni mbili, DARESCO na TANESCO, ambazo ziliunganishwa mwaka 1964. Miji iliyokuwa mbali na mabwawa, Musoma ikiwa mojawapo, ilitegemea jenereta za dizeli kabla ya kufikiwa na gridi ya taifa, yaani mtandao wa nyaya za msongo mkubwa unaokusanya umeme wa vituo vyote na kuugawa nchini. Katika mfumo wa namna hiyo mafundi walijifunza kazini, na mhandisi mwenye shahada alikuwa, kwa kawaida, mtu aliyetoka nje ya nchi.

Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa mwaka 1963 kwa kuunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kiligawa masomo ya kitaaluma baina ya vyuo vyake: udaktari ukabaki Makerere, sheria ikawa Dar es Salaam, na uhandisi ukawa Nairobi, katika chuo kilichofunguliwa mwaka 1956 kikiwa Chuo cha Ufundi cha Kifalme. Mkuu wa chuo hicho cha nchi tatu alikuwa Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934. Mgawanyo huo ulikuwa na mantiki ya kubana matumizi, lakini kila nchi ilipata wataalamu wa aina yake kwa wepesi usiolingana. Joseph Warioba wa Bunda, ambaye baadaye alikuwa Waziri Mkuu, alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966, wakati mwenzake wa rika hilo aliyependa transfoma kuliko katiba alipaswa kuvuka mpaka. Kwa mtu wa Mara safari hiyo ya kupitia mpaka wa Sirari ilikuwa fupi kuliko ya kwenda pwani. Ugumu ulikuwa katika uchache wa nafasi, na pia katika ukweli kwamba Tanzania ilikuwa ikipanga viwanda vyake kwa kutegemea darasa lililokuwa katika nchi nyingine.

Chuo hicho cha nchi tatu kilivunjwa mwaka 1970 na Dar es Salaam ikapata chuo kikuu kamili, ambacho Watanzania hukiita Mlimani. Mwaka 1973, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kilifunguliwa Kitivo cha Uhandisi chenye idara za ujenzi, mitambo na umeme. Shahada ilichukua miaka minne, na mwanafunzi aliyetoka kidato cha sita na mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, alianza kwa masomo yaliyowahusu wahandisi wote, kama vile hisabati ya juu, uchoraji wa kihandisi na kazi za karakana, kabla ya kuingia katika nadharia ya saketi, mashine za umeme, usambazaji, elektroniki na mawasiliano. Saketi ni njia iliyofungwa ambamo mkondo wa umeme huzunguka, na nadharia yake humwezesha mhandisi kujua kwa hesabu kitakachotokea kabla hajaunganisha waya hata mmoja. Hesabu hizo zilifanywa kwa rula ya kukokotolea, chombo cha wahandisi wa dunia nzima hadi vikokotoo vya mfukoni vilipoanza kuenea katika muongo huohuo. Sehemu muhimu ya mafunzo ilikuwa PT, yaani mafunzo kwa vitendo ya wakati wa likizo, ambapo mwanafunzi alipelekwa kiwandani au katika shirika la umma na kushika kazi chini ya mafundi ambao mara nyingi walimzidi umri na ujuzi wa mikono.

Kitivo kilikuwa bado kichanga wakati Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala, ilipokutana Musoma mwezi Novemba 1974 na kupitisha azimio lililobeba jina la mji huo. Azimio la Musoma hukumbukwa hasa kwa Elimu ya Msingi kwa Wote, iliyolengwa kufikiwa mwaka 1977, lakini kifungu kilichotikisa Mlimani kilikuwa kingine: kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuruhusiwa tena kwenda chuo kikuu moja kwa moja, bali baada ya kutumikia Jeshi la Kujenga Taifa alitakiwa kufanya kazi kwa muda usiopungua miaka miwili na kupata mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Lengo lilikuwa kuondoa tabaka la wasomi wasiojua jasho. Athari mbaya zilionekana mapema, hasa kwa wanawake, ambao idadi yao chuoni ilipungua hadi serikali ikalazimika kuwaondoa katika sharti hilo, na baadaye sharti lenyewe lilifutwa.

Wengi walioandika juu ya azimio hilo wamelihukumu kwa ukali, na kwa baadhi ya taaluma hukumu hiyo ni ya haki, kwa kuwa hisabati inayowekwa kabatini kwa miaka mitatu hurudi ikiwa na kutu. Kwa uhandisi wa umeme, hata hivyo, mambo hayakuwa mepesi kiasi hicho. Palikuwa na njia nyingine ya kuingia katika taaluma, isiyopitia kidato cha sita: shule za sekondari za ufundi, ikiwamo Musoma Ufundi, ambazo zilifundisha umeme pamoja na masomo ya kawaida, na juu yake Chuo cha Ufundi Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1957, ambacho kilitoa cheti cha fundi sanifu kinachojulikana kwa herufi zake FTC. Fundi sanifu ni mtu wa katikati, anayeelewa michoro ya mhandisi na kuisimamia ikitekelezwa na mafundi wa kawaida. Azimio lililothamini kazi lilimpa mtu huyo hadhi ambayo mfumo wa mitihani ulikuwa ukimnyima, na darasa la umeme lenye watu waliokwisha kufunga transfoma au kutafuta hitilafu katika laini ya simu lilikuwa na faida ambayo darasa la sheria, kwa mfano, lisingeipata kwa urahisi.

Uamuzi wa pili wa mwaka 1974 haukupewa jina la mji wowote, na pengine ndiyo maana haukumbukwi. Kompyuta ya kwanza nchini ilikuwa imefungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na jitihada za kuhamishia hesabu za serikali katika mashine za aina hiyo ziliishia katika hasara na kurejea taratibu za zamani. Kufikia mwaka 1974 bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla, fedha za kigeni zimekuwa adimu, na serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni isipokuwa kwa kibali maalumu. Kiini cha hoja kilikuwa na ukweli wake: mashine zilizonunuliwa kwa gharama kubwa bila watu wa kuzitunza ni mzigo. Kosa lilikuwa katika wakati. Kampuni ya Intel ilikuwa imetoa maikroprosesa yake ya kwanza mwaka 1971, yaani kipande kimoja cha silikoni chenye sehemu zote za kukokotoa za kompyuta, na mwaka uleule wa 1974 ikatoa modeli ya 8080 iliyozaa kompyuta ndogo za mezani. Mwaka 1981 ikaja kompyuta binafsi ya IBM. Marufuku ya Tanzania ilidumu hadi mwaka 1984, kwa hiyo muongo mzima ambamo kompyuta ilishuka kutoka ukubwa wa chumba hadi ukubwa wa meza, na kutoka bei ya wizara hadi bei ya ofisi ndogo, ulipita wakati nchi imefunga forodha.

Kwa mwanafunzi wa umeme hasara hiyo ilikuwa ya namna ya pekee. Aliweza kufundishwa aljebra ya Boole, ambayo ni hesabu ya kweli na uongo inayoongoza saketi za kompyuta, na aliweza kuchora mpangilio wa transista ubaoni, lakini kukosea na kusahihisha mbele ya mashine, ambako ndiko hasa mhandisi wa kompyuta huundwa, kulihitaji mashine. Kwa upande wa televisheni, Zanzibar, iliyoanzisha televisheni ya rangi mwaka 1973, ilikuwa na mafundi wa studio wakati Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Tofauti hiyo ya miaka zaidi ya ishirini ndani ya nchi moja inatosha kuonyesha kwamba umaskini peke yake haukuwa sababu.

Upande wa nguvu kubwa, kinyume chake, ulistawi. Kituo cha umeme cha Kidatu kilianza mwaka 1975 na kufikia megawati 204 mwaka 1980, na wahandisi wa kwanza wa Mlimani walihitimu mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikalazimika kuunda upya mashirika yake ya reli, ndege, posta na simu. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka huohuo na kubaki hivyo hadi 1983, hivyo ile njia ya Nairobi iliyokuwa karibu na watu wa Musoma ikafa kwa muda. Kama kitivo cha Dar es Salaam kisingefunguliwa miaka minne kabla, nchi ingevunja ushirika na majirani bila kuwa na wahandisi waliofunzwa nyumbani. Wakati huo mmoja pekee unahalalisha gharama zote za kukijenga.

Baada ya 1984 mambo yalikwenda kwa kasi isiyo sawa. Profesa Matthew Luhanga, mhandisi wa umeme, aliongoza Mlimani akiwa makamu mkuu wa chuo kuanzia 1991 hadi 2006, kipindi ambacho mtandao wa kompyuta ulienea chuoni, na hatimaye masomo ya elektroniki na kompyuta yakapata ndaki yao Kijitonyama, mbali na mitambo na ujenzi. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kikawa DIT mwaka 1997, na kile cha Mbeya kikawa chuo kikuu mwaka 2012. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam kuanzia 2009, mwanafunzi wa kompyuta aliacha kuwa mtu anayesoma habari za mashine za wengine.

Linalostahili kuangaliwa kwa makini ni kwamba wazo la Musoma lilirudi bila kutajwa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1968 na kuundwa upya kwa sheria ya 1997, ilianzisha mwaka 2003 mpango wa SEAP, ambao humweka mhitimu chini ya wahandisi wazoefu kwa miaka mitatu kabla ya kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mwaka 1974 kazi ilitangulia darasa; sasa inalifuata. Mpangilio wa sasa ni bora, kwa sababu hisabati haipati muda wa kusahaulika, lakini hoja ya msingi ni ileile, na waliolicheka azimio hawakulikanusha kwa matendo.

Kwa Mara ya leo umbali umepungua. Bwawa la Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza kati ya tisa ulianza kuzalisha Februari 2024, lina jina la mtoto wa Butiama, na katika Butiama yenyewe kimeanzishwa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambacho ni miongoni mwa vyuo vilivyoingizwa katika mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliopata mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2021. Kinachopotea ni kumbukumbu. Waliosoma umeme Musoma Ufundi zama hizo, waliovuka Sirari kwenda Nairobi, na walioingia Mlimani mwaka 1973 wengi wao wamekwisha kupita umri wa miaka 70, na daftari zao za PT na michoro ya vituo vya dizeli walivyovitunza vinaweza kupotea pamoja nao. Vyuo, shule na familia zenye vitu hivyo zivikusanye, na wanafunzi wa historia wawahoji wazee hao wakiwa bado hai.